Aliyesimama Chini ya Tao

Mfalme alipoamuru chemchemi iliyo nje ya ukuta wa mji wa Oviedo ijengewe nyumba ya mawe, kazi alipewa shemeji yangu Gundulfo, naye akanichukua mimi niwe msaidizi wake. Kushika patasi nilimfundisha mimi. Lakini Gundulfo ana mdomo mtamu, na mbele ya wakubwa mdomo hupata kazi kabla ya mikono. Sikumwonea wivu. Alikuwa mume wa Auria, mdogo wangu, na Auria ndiye ndugu pekee niliyebaki naye duniani.

Tulijenga majira mawili ya kiangazi. Kuta nene kushoto na kulia kwa maji, birika la kuchotea katikati, na mbele ukuta wenye kichwa cha pembetatu. Hapo juu nilichonga msalaba wa mfalme, na herufi mbili, alfa na omega, zikining'inia kwenye mikono ya msalaba. Ule msalaba ulinila siku arobaini, na Gundulfo aliwaambia makasisi kwamba "tumeuchonga". Haya. Juu ya maji tukapindisha tao la mawe yaliyochongwa, likalala juu ya kiunzi cha mbao hadi chokaa ishike.

Kwetu, siku ya kung'oa kiunzi fundi mkuu husimama majini chini ya tao lake, kiganja juu ya jiwe, hadi kabari ya mwisho inayoshikilia kiunzi itoke. Likishika, anatoka na kunywa maji ya kwanza mbele ya watu wote. Lisiposhika, anazikwa. Hakuna mtu wa Oviedo atakayechota maji mahali ambapo fundi amekataa kusimama.

Jioni ya kuamkia siku hiyo, Gundulfo alinijia na jagi la pombe ya matofaha.

"Shemeji, kesho simama wewe."

"Mimi? Si wewe ndiye fundi mkuu?"

"Mkuu wa maneno tu. Mawe umeyapanga wewe. Hebu watu wakuone japo mara moja, bwana, usije ukafa hakuna anayekujua."

Tulicheka wote wawili. Nasema kweli, machozi yalinilenga. Miaka ishirini nilikuwa nimelisubiri neno hilo kutoka kinywani mwake, na nililimeza lote bila kutafuna.

Asubuhi Auria aliniletea shati safi. Alinifunga kamba ya shingoni kwa mikono yake, kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Fundo alilifungua akalifunga tena mara tatu. Nikadhani ni furaha.

Maji yalinifika magotini, ya baridi kali. Nje askofu alikuwa anaomba, na vibarua wakaanza kugonga kabari. Ilipotoka ya pili, vumbi liliniingia machoni. Nikainua uso. Safu ya tatu kutoka juu, jiwe moja lilikuwa na mstari mweupe toka ukingo hadi ukingo. Safu ile ilijengwa wiki niliyokwenda machimboni. Jiwe lilikuwa limepasuka, na mtu alikuwa ameziba ufa kwa chokaa akaulainisha kwa dole gumba. Ni mtu mmoja tu anayelainisha hivyo, na nimemgombeza kwa hilo tangu akiwa mwanafunzi wangu.

Nilimtafuta kwa macho. Alikuwa mbali, nyuma ya makasisi wote, anatazama viatu vyake. Hapo nikaelewa heshima niliyopewa ilikuwa ya nini. Sikubaki kwa ushujaa, miguu tu ilikataa kutembea. Kabari ya mwisho ikatoka. Chokaa ikamwagika begani mwangu, tao likaguna, likashuka upana wa kucha, likatulia.

Watu walishangilia. Gundulfo akanisogezea kikombe cha maji ya kwanza.

"Umeona, shemeji? Nilijua litashika."

"Na lile jiwe lililopasuka, ulilijua pia?"

"Punguza sauti. Watu wanasikia."

Nilimwaga maji yale miguuni pake. Nikaenda kwa Auria, aliyekuwa amesimama kwenye foleni na mtungi wake.

"Auria, mumeo amenipeleka nife."

Nilitegemea apige ukelele, au aniite mwongo. Lau angeniita mwongo ningeshukuru. Hakuniuliza hata amefanyaje.

"Mimi ndiye niliyemwambia akuombe wewe," alisema. "Tao likimwangukia yeye, wanangu wanne nitawalisha nini? Wewe, kaka, huna wa kukulilia."

"Nilidhani ninaye," nikasema.

Wanawake wa nyuma walikuwa wanasukuma. Auria aliinua mtungi wake, akainama chini ya tao, akaanza kuchota.