Marehemu Aliyetaka Kunyimwa Kibali

Wamempa! Yaani wamempa kweli, kadi ya kubeba bastola chini ya nguo, ina picha yake, ina muhuri wa kaunti, imetoka kwenye mashine ikiwa bado ya moto, na mama yake aliposikia akakaa kwenye benchi kama mtu aliyeletewa msiba!

Lakini ngojeni nianzie Jumatatu, mtaelewa.

Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, dirisha la vibali katika ofisi ya sherifu wa kaunti ya Harnell lilikuwa na watu tisa. Dirisha lenyewe liko huku chini kabisa ya jengo, chini ya ardhi, ambako taa zinawaka mchana kutwa. Karani wake, Rosalie Tubbs, ambaye mimi ni msaidizi wake, alikuwa amekula nusu ya mkate wake wa siagi wenye soseji, na nusu nyingine ameifunga ya saa nne. Wa tano kwenye foleni alikuwa Cedric Boykin, fundi wa viyoyozi, ambaye alikufa miaka minne na miezi sita iliyopita.

Alikuwa amevaa suti aliyozikwa nayo, ya kijivu, imekunjamana kidogo mgongoni. Alikuja na mama yake, Bi Ernestine. Mama ndiye aliyeendesha gari, maana leseni ya udereva ya Cedric ilikwisha mwaka juzi, na yeye si mtu wa kuvunja sheria.

Nyuma yao alisimama mzee mmoja mkulima wa viazi vitamu, Harlan Stroud. Akamtazama Cedric juu mpaka chini.

"Wewe si ndiye waliyempiga risasi pale barabara ya kinu?"

"Ndiye, mzee."

"Pole sana. Hii foleni ni ya kuongeza muda au ya wapya?"

"Wote, mzee."

"Basi tutaozea hapa," mzee akasema, halafu akamwomba radhi.

Zamu ya Cedric ilipofika Rosalie akamfungulia faili. Kibali kinadumu miaka mitano, na cha Cedric kilikuwa kimebakiza siku arobaini tu. Akampa fomu. Je, umewahi kuhukumiwa kwa kosa la jinai? Hapana. Unatumia dawa za kulevya? Hapana. Una tatizo lolote la mwili linalokuzuia kushika bastola kwa usalama? Hapo Cedric alifikiri kidogo, akaandika hapana. Kwenye makazi Rosalie alimwambia aandike kwa mama yake, kwa sababu kiwanja cha kanisa hakina namba ya nyumba.

Vidole vilikuwa baridi mno, mashine ikakataa kuvisoma. Rosalie akampaka losheni na kumpa kikombe chake cha kahawa akishike, kama anavyowafanyia waashi ambao saruji imewala alama za vidole. Mara ya tatu mashine ikasoma.

Sasa, yaliyompata Cedric kaunti nzima inayajua, ila nayasema kwa asiyejua. Katika jimbo letu ukisimamishwa na askari ukiwa na bastola mwilini, sheria inataka umwambie wewe, kabla hajakuuliza. Kwenye darasa la kibali mnakaririshwa siku nzima kama watoto wa shule ya Jumapili. Mikono yote miwili juu ya usukani. Kisha unasema: Afande, nina kibali na nina bastola, ungependa nifanye nini? Cedric alikuwa akiifanyia mazoezi bafuni, mpaka Bi Ernestine akawa anamgongea mlango amwambie yatosha.

Kibali kilikuwa na miezi minne alipokutana na askari Dwight Kessler. Ilikuwa Ijumaa, saa kumi jioni, taa moja ya nyuma ya gari haiwaki. Cedric akaweka mikono juu ya usukani, akaanza sentensi yake. Ilipofika kwenye neno bastola, Kessler akafyatua mara nne. Cedric akaimalizia hata hivyo. Ripoti ikaandikwa kwamba marehemu hakumtaarifu askari.

Gari la askari lina kamera, na kamera ilichukua kila kitu, na sauti yake. Rekodi ipo. Ila haitolewi bila amri ya hakimu, hakimu hatoi amri bila kesi, na kesi haikufunguliwa kwa sababu ripoti inasema hakumtaarifu askari. Bi Ernestine ameandika barua kumi na saba. Hataki fidia. Anataka rekodi ile ichezwe mbele ya watu, wamsikie mwanawe akisema maneno aliyofundishwa, halafu ripoti isahihishwe.

Kila Jumapili baada ya ibada, Bi Ernestine huenda kaburini na kiti chake cha kukunja, na huko alikuwa akimsomea Cedric sheria ya vibali, kifungu baada ya kifungu, maana ndicho kitabu alichokuwa nacho mkononi. Mwaka huu wakafika kwenye kifungu cha kunyimwa. Kinasema mtu akinyimwa kibali, lazima apewe sababu kwa maandishi, na ana haki ya kwenda kwa hakimu kuipinga, na ushahidi wote unaohusu sababu hiyo uwekwe mezani. Sababu zenyewe zimeorodheshwa. Kufa hakumo. Kutomtaarifu askari kumo, namba kumi na moja.

Kwa hiyo Cedric hakuja kutafuta kibali. Alikuja anyimwe.

Rosalie alielewa alipoona kwenye kompyuta, mbele ya jina lake, alama nyekundu ya kutomtaarifu askari. Akaitazama, akamtazama na Cedric.

"Bi Rosalie, usinionee huruma," Cedric akamwambia. "Ninyime tu."

"Nitakunyima vizuri, mwanangu," Rosalie akasema.

Akaandika barua palepale. Ilikuwa ya mistari miwili: ombi limekataliwa, mwombaji hakumtaarifu askari. Ikabaki saini ya sherifu peke yake, na saini huchukua siku tatu.

Siku hizo Cedric alikaa kwa mama yake. Jumanne alitengeneza kiyoyozi cha kanisa, ambacho tangu afe kilikuwa kinapuliza joto. Jumatano Bi Ernestine alipiga pasi gauni la kwendea mahakamani, lile la rangi ya zambarau, na kofia yake akaitoa kwenye sanduku. Akawapigia simu dada wawili wa kwaya waje naye siku ya kusikiliza. Aliwaambia wasivae viatu vinavyolia, maana sauti ya Cedric si kubwa, na mahakama ile ina mwangwi.

Leo Alhamisi, saa nne kasoro, Sherifu Coy Dunlap akateremka mwenyewe. Ni mtu wa watu, anajua hadi majina ya mbwa wa wapiga kura wake. Aliisoma barua amesimama, akairudia tena amekaa.

"Rosalie," akasema kwa upole, "sababu hii tukiiandika, itabidi tuithibitishe."

Akaiingiza kwenye mashine ya kukatakata karatasi. Akachukua fomu ya kukubali, akatia saini, akazunguka upande wa pili wa dirisha kumpa Cedric mkono.

"Hongera, kijana. Mimi si mtu wa kumnyima raia haki yake ya kujilinda."

"Kwa hiyo nilimtaarifu askari, Sherifu?"

"Hilo liko kwenye ripoti."

"Ripoti inasema sikumtaarifu. Na kama sikumtaarifu, kibali hiki hamwezi kunipa."

"Ripoti ni ya ghorofa ya pili," Sherifu akasema. "Vibali ni huku chini."

Akamsalimia Bi Ernestine, akamuulizia goti lake, akapanda ngazi.

Ikabaki picha. Mpiga picha wa vibali ni Dwight Kessler. Baada ya lile tukio walimpumzisha wiki mbili na mshahara wake, kisha wakamleta huku, kwa sababu barabarani alikuwa anaumwa kichwa. Alimkalisha Cedric mbele ya pazia la bluu. Akamwambia asogee kushoto kidogo. Akamwambia anyooshe tai. Cedric akaweka mikono juu ya magoti, viganja wazi, mahali ambapo mtu yeyote angeviona.

"Dwight," akasema, "niliisema au sikuisema?"

Kessler akaishusha taa, akaipandisha, akairudisha ilipokuwa.

"Angalia hapa kwenye kamera," akasema. "Usitabasamu."

Picha imetoka vizuri sana, kwa kweli. Watu wengi kwenye kadi zile wanaonekana wagonjwa.

Rosalie akamkabidhi kadi, akamweleza kama anavyomweleza kila mtu: ni ya miaka mitano, na mpaka muda wake ukaribie kuisha hakuna ombi jingine linalopokelewa.

"Nikiirudisha?" Cedric akauliza.

"Tunakutunzia. Inabaki kwa jina lako."

"Nikiichana?"

"Tunakutolea nyingine."

Watu wa foleni wakampa mkono mmoja mmoja. Mmoja akamuuliza atanunua bastola gani sasa, maana ile yake bado imefungiwa ghorofa ya pili kwenye mfuko wa ushahidi. Akajibu kwa adabu kwamba hajafikiria. Kisha akaenda kukaa kwenye benchi, ubavuni mwa mama yake, akamwambia wasubiri tu, ni miaka mitano, yeye hana haraka yoyote.

Bi Ernestine ana miaka sabini na tisa. Aliichukua kadi, akaipangusa kwa kitambaa cha mkono, akaitazama ile picha kwa muda mrefu. Akaitia kwenye mkoba pamoja na nakala za barua zake kumi na saba, akaufunga zipu, ndipo akamgeukia mwanawe na kumjibu.

Alichomjibu ni kirefu, na sitaki kukikata katikati, kwa hiyo kesho tukikaa kula nitawapa chote neno kwa neno. Saa saba imefika, mapumziko ya chakula yamekwisha, Rosalie ananiita, na foleni imeshatoka nje ya mlango.