Mbaazi Katika Mifuko ya Ndege

Kasiva alikuwa jikoni akichuja chai wakati mkwe wake alipoingia chumbani mwake. Chumba cha kulala, si sebule. Kwa miaka sabini na mbili hajasikia mwanamume akivuka mlango wa chumba cha mama mkwe, labda nyumba iwe inaungua. Na nyumba ya Kasiva haikuwa inaungua.

Alipotoka na birika mkononi aliwakuta wawili barazani. Mmoja ni Thuo, mume wa binti yake Mwongeli. Mwingine ni Kyule, rafiki aliyeletwa na Thuo kutoka Emali asubuhi hiyo kwa gari. Katikati yao palikuwa na beseni lake la kufulia nguo, lile lenye ukoko wa sabuni pembeni. Ndani ya beseni, mbaazi. Mbaazi zote. Na juu ya gazeti, mifuko saba ya karatasi imelazwa kwa mstari kama watoto wachanga wa kliniki, Thuo akiipuliza majivu mmoja mmoja, taratibu, kwa mdomo uliochongoka.

Kasiva aliweka birika chini kabla halijamwanguka.

"Ulizitoa wapi?"

"Chini ya kitanda, Mum, kwa lile sanduku la bati. Mwongeli aliniambia ziko huko." Thuo hakuinua hata macho. "Tuliona umechelewa na chai. Grupu inafunga swali saa sita kamili."

Kyule alikuwa Mkamba, mtoto wa Kilungu, na alijua mwiko huo. Alitazama viatu vyake. Lakini kujua kwake kulikuwa kumesaidia nini, na yeye ndiye aliyeshika beseni wakati mwenzake akimimina?

Mvua ilikuwa imebakisha wiki mbili, na kila mtu Mukuyuni alikuwa ametengeneza matuta. Ila mbegu hazikuwepo. Msimu uliopita mvua iliwadanganya watu, wakapanda ikakatika, na njaa ikawafanya wengi wapike hata kile walichoficha. Kasiva hakupika chake. Jumamosi akina mama kumi na wawili wa kanisa wangekuja kwake, kila mmoja na kikombe chake, na aliwaahidi mbele ya pasta kwamba hakuna atakayerudi mikono mitupu.

Mbegu zenyewe zilikuwa za aina mbili. Moja alikuja nayo kutoka kwa mama yake Kwa Vonza alipoolewa, hiyo hukomaa upesi na hupandwa katikati ya mahindi. Nyingine alipewa na mama mkwe wake wa Kilungu, hukaa shambani hadi Julai na hupandwa pembeni mwa matuta. Ukizichanganya, shamba linakuwa la wazimu: hii unaivuna, ile bado inakuwa mti, inaziba jua la mahindi ya watu. Ndiyo maana kila mfuko ulikuwa na maandishi yake ya penseli. Kasiva alisoma hadi darasa la tatu, na herufi zake zilikuwa kubwa na zimeinama upande, lakini zilisomeka: KWA VONZA. KILUNGU.

Sasa zote zilikuwa kwenye beseni moja.

"Thuo," alisema. Sauti haikupanda. Haikuwa na desturi ya kupanda. "Hizi ni mbegu."

"Ndio, Mum. Hatujamwaga hata moja. Ziko zote hapo."

Simu ya Thuo ikalia, akaishika haraka. Ilikuwa hiyo grupu. Kasiva alikuwa amesikia habari zake kwa Mwongeli: watu zaidi ya mia, wengi wao hawajapanda ndege hata mara moja, wanaulizana usiku na mchana habari za ndege zilizokwisha kuwa vyuma vikuukuu. Ilikuwa na injini ngapi? Ilitua wapi ikielekea Ulaya? Mkia wake ulipakwa rangi gani mwaka gani? Atakayejibu swali la mwezi ndiye atakayetunga maswali mwaka mzima. Na Thuo alikuwa ameitaka nafasi hiyo kuliko alivyowahi kutaka chochote ambacho Kasiva alikijua, hata Mwongeli.

"Swali ni la mfuko," Thuo alieleza, sasa macho yanang'aa. "Mfuko wa lile shirika la zamani, la nchi tatu. Je, picha iliyochorwa ni ndege ya injini nyuma au ya injini ndani ya bawa? Hakuna mtu ana ushahidi. Halafu Mwongeli akanitumia picha ya mbegu zako, na nyuma ya mbegu nikaona huu mkia! Nilikuwa kazini, nikapiga kelele."

"Injini nyuma," Kyule alisema, akasahau aibu yake. "Nne, zote nyuma. Ona mkia ulivyo juu."

"Hiyo ndiyo ilikuwa inaenda London kupitia Entebbe na Roma."

"Roma wapi! Jumapili ilikuwa Khartoum."

"Khartoum ilikuwa ya ile ya kwanza, wewe! Umekariri vibaya."

"Nimekariri vibaya mimi? Mimi niliyekufundisha kutofautisha madirisha?"

Walibishana juu ya beseni. Mate ya Kyule yaliruka, na Kasiva aliyaona yakitua kwenye mbaazi.

"Hiyo mifuko," aliuliza, "kwani huko kwenye ndege ilikuwa ya nini?"

Kyule alimkanyaga mwenzake mguu, lakini Thuo ni mtu wa Kiambu, mgeni wa mila hizi, na alikuwa na haraka.

"Ya kutapikia, Mum. Ndege ikiruka-ruka, mtu anatapika humo, wanakunja, wanatupa."

Mbele ya mama mkwe. Neno kama hilo, mchana, barazani, na chai inapoa.

Mate yalimjaa Kasiva mdomoni, yale mepesi ya maji yanayotangulia. Aligeuka, akashika nguzo. Miaka hamsini ameweka humo mbegu. Kwenye hiyo mifuko aliwapelekea mabibi harusi mbaazi zao za kuanzia maisha. Mmoja wa mifuko hiyo ulilala madhabahuni sikukuu ya mavuno, ukaombewa.

Kisha akamkumbuka Mbaluka, marehemu mume wake, aliyefagia ndege kwenye uwanja wa Embakasi wakati huo. Alikuwa akija nyumbani mwisho wa mwezi na mifuko hiyo ikiwa imefungwa kwa uzi, mipya, haijakunjuliwa. Ndani ilikuwa na nta, haipitishi maji, na mdudu haitoboi. Kasiva alipomuuliza ni ya nini, alijibu, "Ni ya kuwekea kitu mtu asichotaka kubaki nacho." Akacheka peke yake. Na alikuwa haingii ndani kabla hajaosha mikono mara tatu, ya tatu kwa majivu. Uji uliochacha, ambao kila mwanamume wa huku anaupenda, yeye aliukataa hadi anakufa. Harufu tu ilimtoa nje. Kasiva alifikiri ni maringo ya Nairobi.

"Susu, usijali," Kyule alisema, akimwita bibi kwa Kikamba ili kutuliza mambo. "Hii haikutumika. Iliyotumika ingekuwa na alama. Kuna mzee kwa grupu ana moja iliyotumika, ameihifadhi ndani ya kioo. Hata doa linaonekana."

"Doa," alisema Kasiva.

"Ndio. Inaheshimika sana."

Kasiva alimtazama usoni kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Mtu mzima, mwenye ndevu, mama yake pengine anaenda kanisani.

Simu ikalia tena. Thuo alikuwa ametuma picha. Akaweka sauti juu, uso tayari umefunguka kwa ushindi, na mwanamume asiyejulikana akasema kutoka kwenye simu, kwa sauti ya mtu anayekula kitu: "Bro, ndege inaonekana, lakini huo mfuko umeandikwa-andikwa na penseli. Umechafuliwa. Hatuhesabu. Pole."

Thuo akaugeuza mfuko, akaona KWA VONZA, akageuza mwingine, akaona KILUNGU. Yote saba. Akautupa wa mwisho juu ya gazeti na kuisukuma yote pembeni kwa kiatu.

"Nani aliandika haya maneno?" aliuliza kwa hasira.

"Mimi."

Kuku alikuja akadonoa beseni, Kyule akamfukuza.

Kwa hiyo matapishi ni ya kuweka ndani ya kioo, Kasiva alifikiri, na jina la nyumbani kwa mama yangu ndilo uchafu. Kinyaa kile kikageuka kitu kigumu, baridi. Hakikuhusu mifuko tena.

Aliinama, akaiokota mifuko kutoka chini ya kiatu cha mkwe wake, akaipangusa kwa leso. Kisha akavuta viti viwili vidogo vya jikoni, akaviweka kandokando ya beseni.

"Kaeni."

"Mum, tuna safari..."

"Kaa, Thuo." Alichukua mbaazi mbili, akaziweka kwenye kiganja chake na kukisogeza mbele ya macho yao. "Tazama jicho la mbegu. Hii ina mviringo wa kahawia. Ya Kwa Vonza. Hii haina. Ya Kilungu. Mnajua ndege kwa mkia na madirisha. Hizi mtazijua kwa jicho. Za mviringo hapa, zisizo na mviringo pale. Zikiisha, mtaenda."

"Zote?"

"Ziko zote hapo. Wewe ndiye uliyesema."

Walichambua. Saa sita ikapita, saa nane ikapita. Kasiva alikaa kati yao na ungo magotini, akikagua kila rundo, na akikuta moja imekosewa anarudisha rundo lote kwenye beseni bila neno. Mara mbili Thuo alitaka kulia. Simu ililia, ikachoka. Kyule, ambaye jicho lake lilikuwa kali kweli, aliacha kuongea kabisa, na jua lilipoanza kushuka ndiye aliyemaliza punje ya mwisho. Chai ilikuwa bado kwenye birika, na utando juu. Hawakupewa nyingine.

Kasiva aliziosha mbegu, akazianika juu ya mkeka siku ya Ijumaa, akazipaka majivu mapya. Kabla hajazirudisha alinusa kila mfuko, pua ndani kabisa. Nta, majivu, mbaazi. Akazirudisha.

Jumamosi akina mama walikuja. Kaveke, mwenyekiti wao, alipokea kipimo chake na kuangalia ndege iliyochorwa.

"Kumbe bado unayo hii mifuko?"

"Nimeambiwa ni ya kutapikia," alisema Kasiva, kwa sababu hakuwa mtu wa kuficha. "Mtu wa ndani ya ndege."

Kaveke alisimama na kikombe hewani. "Na alitapika?"

"Hapana. Mbaluka aliileta mipya."

"Sasa shida iko wapi? Niongeze ya Kilungu." Kisha akainama karibu. "Nasikia mkwe wako alikaa hapa Alhamisi nzima akichambua mbaazi kama mwanamke. Alikosa nini?"

"Aliingia chumbani kwangu. Akavuta sanduku chini ya kitanda."

Mmoja wa wanawake aliweka mkono mdomoni. Kaveke akatema mate pembeni, mbali na mbegu.

"Na mbuzi ya kuomba msamaha?"

"Mwongeli amepiga simu. Thuo ataileta Disemba." Kasiva alifunga mdomo wa mfuko, akaukunja mara mbili pale ulipokuwa na mkunjo wake wa zamani. "Mtakuja muile. Mimi, kitu kilichotoka kwa mkono ule, hakitapita hapa kooni."