Idi Iliyongoja Umeme

Kitufe cha redio kililia tak gizani, na nyumba nzima ikanyamaza. Aliyeizima alikuwa Bi Riyama, mama mkwe wake Radhiya, mtu asiyependa betri ziliwe bure.

"Basi. Mwezi haujaonekana. Kesho twakamilisha thalathini."

Radhiya alikuwa mkekani. Mwanawe Mayasa, aliyejaribu saumu yake ya kwanza leo akashindwa na embe adhuhuri, alikuwa amemlalia mapajani. Mkono uliokuwa ukimpapasa mtoto nywele ulisita. Alikuwa amelikumbuka tangazo.

Tangu amalize masomo ya jioni ya kompyuta, yeye ndiye aliyekabidhiwa tovuti ya jumuiya ya akina mama. Nyakati za futari, darsa, mapishi, wanawake kuanzia Ng'ambo mpaka Mkokotoni waliyasoma humo, na wengine walishaacha hata kusikiliza redio. Jana, kwa kuchelea kazi za jikoni, aliandika mapema kabisa: "Mwezi umeonekana. Kesho ni Idi." Akalipangia litoke lenyewe leo baada ya magharibi. Mwezi usipoonekana, alijiambia, nitalifuta. Kisha sambusa zikaungua, mtoto akalilia maji, umeme ukakatika kabla ya futari, na tangazo likamtoka kichwani.

"Una nini wewe?" Bi Riyama aliuliza. "Mbona umeshtuka hivyo?"

Akamweleza.

"Sasa umeme hakuna. Litatokaje?"

Hapo ndipo penye khofu. Kompyuta iliyobeba tovuti ilikuwa dukani kwa Bi Fatmabai, muuza vitambaa wa Mji Mkongwe aliyewapa nafasi ya kuiweka, na huko nako giza. Mwalimu wao wa jioni alikuwa akiwaambia: kazi iliyopangiwa wakati ni kama bawabu aliyelala mlangoni. Mgeni asipobisha, haamki. Akiamka, hutoa kila kilichochelewa. Umeme ukirudi, mashine itajiwasha, na mwanamke wa kwanza kufungua tovuti atazame habari za mwezi ndiye atakayembishia. Hata Radhiya mwenyewe, akiingia kwa simu alifute, atakuwa amebisha.

"Si utawaambia baadaye kuwa ulikosea?"

"Mama, mtu akishaambiwa Idi, nani atangoja habari ya pili? Watatumiana. Watu watakula mchana wa Ramadhani kwa neno langu." Alimwinua mtoto mapajani. "Saumu zao zote shingoni mwangu."

Bi Riyama alimtupia buibui. "Basi umekaa unangoja nini?"

Simu ya Bi Fatmabai haikupatikana. Mayasa aligoma kubaki, akang'ang'ania buibui la mamake, wakatoka pamoja.

Darajani, wauza viatu vya watoto walikuwa wakinadi kwa mwanga wa simu. Radhiya alipita katikati yao na kila simu iliyowaka aliiona kama mkono ulioinuliwa kubisha hodi. Alisoma kila dua aliyoijua, akachanganya ya safari na ya kulala. Umeme usirudi. Maisha yake yote hakuwahi kuliomba giza.

Alipofika chini ya nyumba ya Bi Fatmabai aligonga mpaka dirisha la juu likafunguka.

"Nani?"

"Mie Radhiya. Shikamoo, Bi Fatmabai. Nataka ufunguo wa duka, tafadhali, upesi."

"Marahaba. Mbona wahema? Kama unataka biriani ya Idi, imekwisha. Sisi tushasali leo asubuhi."

Bi Fatmabai alikuwa Bohora, Waislamu wa asili ya Kihindi ambao hufuata kalenda ya hesabu na huijua Idi tangu mwaka haujaanza. Radhiya alimweleza kutoka chini, maneno yakikanyagana. Bibi alicheka kidogo.

"Kumbe Idi umeipanga kama sisi, na mwezi unaungoja kama wenzio. Shika moja, mwanangu. Haya, ufunguo huo unashuka na kikapu."

Kikapu kilikuwa bado kinaning'inia kwenye kamba pale kichochoro kizima kilipowaka taa. Watoto wakashangilia majumbani. Radhiya alirukia ufunguo. Kufuli la duka, pale pale chini ya nyumba, lilimkataa mara ya kwanza, kisha likaachia.

Ndani, kati ya majora ya vitambaa, mashine ilikuwa imeshaanza kuvuma. Hakutazama kioo. Alipiga magoti, akaushika waya wa intaneti, akauchomoa kwa nguvu hata akaanguka kitako.

Ndipo akaingia kwenye tovuti kwa mashine ile ile, waya ungali mkononi. Bawabu aliamka. Tangazo la Idi lilitoka mbele ya macho yake, na saa iliyoandikwa chini yake ilikuwa ya dakika ile ile. Hakuna aliyemtangulia. Lilikuwa limetoka, lakini halikuwa na pa kwenda. Alilifuta, akatazama tena kama limefutika, akatazama tena.

Akaandika jingine: "Mwezi haujaonekana. Kesho tunafunga." Hili hakulipangia wakati wowote. Alilitoa kwa mkono wake, akaurudisha waya mahali pake, akafungua simu kuhakikisha. Hapo ndipo machozi yalipomjia.

Mayasa aliegemea bega lake, akafuatisha herufi kwa kidole mpaka mwisho wa mstari. Alifikiri kidogo.

"Mama, kesho na mimi nafunga."