Kaburi Lililovuka Mto

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa kumi, baada ya mvua ya vuli kunyesha mara tatu, Mzee Kamugisha aliandika habari za msimu kwa chaki kwenye mlango wa banda la majembe. Bustani ya kikundi cha Tuinuane iko bondeni, kando ya mfereji, chini ya soko la Kayanga, na wanakikundi wake ishirini na wanne husoma mlango huo kama wengine wanavyosoma gazeti. Samadi imefika, kila mtu ndoo nne. Vitalu vya kabichi vimwagiliwe asubuhi tu. Maharage ya mbegu yatagawiwa Jumatano. Darasa la mboji ni Alhamisi, kila mtu aje na majani makavu. Senene wakianza kuanguka, asiwashe mtu taa ya kuwanasa bustanini, maana mwaka jana karoti zilikanyagwa zikaisha. Mwisho kabisa, chini, kwa herufi ndogo kwa sababu mlango ulikuwa umejaa, aliandika kwamba Jumamosi ya tatu ya mwezi ujao afisa wa uhakiki atapita, na kila mwenye tuta amwonyeshe kaburi la mzazi wake.

Mukandekezi, mmoja wa hao ishirini na wanne, alisoma mpaka mwisho, akarudia ile ya samadi, kisha akaenda kupanga foleni na ndoo yake.

Watu wa huku huzika ndugu zao kwenye kibanja, shamba la nyumbani, kati ya migomba. Palipo na kaburi la mzee wako ndipo kwenu, na hakuna anayekuuliza zaidi.

"Karatasi hununuliwa," Mzee Kamugisha alisema pale kwenye foleni. "Kaburi halinunuliwi."

Hakusema kwa ubaya. Ilipofika zamu ya Mukandekezi alimjazia ndoo ya tano, akajifanya amepotewa na hesabu.

Asiye na kaburi, wilaya ya Karagwe wala ya Kyerwa, jina lake lingehamishiwa kwenye orodha ya pili, na orodha ya pili ilikuwa ya lori la kurudisha watu ng'ambo ya mto. Lori lenyewe lilikuwa limeegeshwa nyuma ya ofisi ya kata tangu mwezi wa tisa, limefunikwa turubai, nyasi zimeota chini yake. Watu walipita kando yake wakienda sokoni. Mukandekezi alizunguka kwa njia ya kanisani.

Alikuwa na miaka sitini na mbili. Alivushwa mto wa mpakani akiwa mgongoni mwa mama yake, kabla hajaota meno, na tangu siku hiyo hakuvuka tena. Kinyambo alikiongea vizuri kuliko Kinyarwanda. Lakini makaburi hakuwa nayo. Mume wake, Theoneste, alikufa maji ziwani na mwili haukuonekana. Mama yake, Niyigena, alirudi ng'ambo kumuuguza kaka yake, akaugua na yeye, akazikwa huko huko, kwenye kilima kinachotazama mto.

"Ningekuazima moja," alisema Katusiime, mwenye tuta la jirani, ambaye kwenye kibanja cha mume wake kulikuwa na makaburi saba. "Baba mkwe wangu yuko pale hana kazi. Ila ni mkorofi, mdogo wangu. Atakusema juu ya upishi mpaka upande lori mwenyewe."

Mukandekezi alicheka. Siku hizo kila gari lililobadilisha gia kwenye mlima wa soko lilimsimamisha jembe hewani.

Jumatano aligawiwa maharage, akayapanda jioni ile ile, mbegu mbili kwa kila shimo. Kwenye shimo la mwisho aliinama zaidi, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, hawa watu wanataka kukuona." Kisha akafukia, akakanyagia kwa kisigino kama alivyofundishwa.

Maharage yalipokuwa yamefikia magotini, simu iliita. Alikuwa Costansia, aliyekuwa akiimba naye kwaya kabla ya kuolewa Nyakatuntu, kando ya mto.

"Shikamoo, mama. Bibi amevuka."

"Marahaba. Amevuka lini?"

"Leo asubuhi, kabla ya ng'ombe kutoka. Amejilaza hapa kwetu kando ya kahawa. Tope limempata kidogo ubavuni, lakini msalaba wake umesimama."

"Ana haraka?"

"Haraka ya wapi! Anatembea kama bibi harusi."

"Basi mfunikie kitu. Naona wingu baya upande huo."

"Nimeshamfunika majani ya mgomba, mama. Mimi sikulelewa porini."

Lilikuwa kaburi la kawaida: udongo mwekundu uliorundikwa kwa urefu wa mtu, mawe matatu ubavuni, msalaba wa mti kichwani wenye jina la Niyigena lililochomwa kwa msumari wa moto. Lilienda mchana, likapumzika jua lilipozama, na mahali lilipopita nyasi zililala kisha zikainuka. Wenye bodaboda walilikwepa, wakapiga honi kwa heshima. Isingiro lilikaa siku mbili kwenye uwanja wa shule, na wanafunzi wakachezea mpira kwenye nusu iliyobaki. Kibarua mmoja wa kahawa, Nshimiyimana, alishinda hapo akiliondolea mbuzi. Kwenye kizuizi cha mazao mlinzi aliuliza kama limebeba kahawa, akalizunguka, akaona halikubeba, akainua mti. Huko Kiruruma, wafugaji wa boma la Akankwasa walisimamisha ng'ombe wote upande mmoja wa barabara mpaka likamaliza kupita, na mama wa boma akamimina maziwa kidogo kichwani pake, kwa kuwa mgeni hapitishwi mikono mitupu.

Kila aliyelitendea jema alipiga simu kusema. Mukandekezi aliwashukuru mmoja mmoja kwa jina. Lakini kila alipokata simu hofu ilikuwa imeongezeka badala ya kupungua. Hakujua ni kwa nini. Watu wote hao walikuwa wema.

Alhamisi ya wiki ya uhakiki, lori liliondolewa turubai, likaoshwa.

Ijumaa mchana kaburi liliteremka kupitia sokoni. Wauza nyanya walivuta mafungu yao ndani ili lipate njia. Mukandekezi alikuwa amelitengenezea nafasi tangu juzi: aling'oa kabichi tisa, akatifua, akatia samadi, akasawazisha kwa kiganja. Lilifika ukingoni, likasita, kisha likajishusha polepole kama mama mtu mzima anavyojishusha kwenye mkeka.

Wanakikundi waliacha majembe, wakaja kuamkia.

"Shikamoo, mama."

"Pole na safari, mama."

"Ulipunguza mwendo kweli kweli," Katusiime alimwambia, akitoa majani yaliyonasa kwenye msalaba. "Mwanao amekonda akikusubiri. Haya, umefika, karibu mboga."

Walilitandazia nyasi kavu, kila mtu fungu lake, wakalizungushia vijiti ili lisikanyagwe. Mukandekezi alikaa kando yake mpaka jua likawa jekundu. Aliweka mkono juu ya udongo, bado ulikuwa na uvuguvugu wa njiani. Siku hiyo alikula sahani nzima, mara ya kwanza tangu mlango uandikwe.

Jumamosi alikuja afisa wa uhakiki, kijana mmoja aitwaye Egbert, mpole, amevaa mabuti ya mvua. Aliwaamkia wazee wote kabla ya kutoa daftari. Tangu alfajiri alikuwa amepelekwa kwenye vibanja, akaonyeshwa wazazi wa wanakikundi ishirini na watatu, na kwa kila mmoja alivua kofia. Bustanini alifika mwisho, amechoka. Alivua kofia tena. Akasoma msalaba, akasogeza nyasi kwa ncha ya kalamu kuangalia udongo.

"Huyu ni mama mzazi?"

"Ndiye," alisema Mukandekezi.

"Na amelala hapa?"

"Amelala hapa, mwanangu. Si unamwona?"

Egbert alimwona. Aliandika alama ya vema kando ya jina la Mukandekezi, akapuliza wino, akaanza kufunga daftari.

Ila ipo desturi. Mgeni aliyetoka mbali husimuliwa safari yake mbele ya watu: alilala wapi, nani alimpa maji, nani alimpisha. Mwenyeji ndiye anayesimulia, kwa sababu mgeni mwenyewe angeonekana analalamika. Kunyamaza ni kumdharau mgeni na wote waliomsaidia. Katusiime aliona watu wamekusanyika, mgeni amelala tu, na hakuna aliyefungua kinywa. Akakaza kitenge chake, akasimama wima.

"Mwanangu, usiondoke bila kusikia," alisema. "Bibi huyu si wa kupita hivi hivi. Alivuka mto alfajiri, kwa miguu yake ambayo hana. Nyakatuntu, Costansia alimfunika majani."

Mukandekezi alimvuta kitenge kwa nyuma. Katusiime alidhani anaambiwa aongeze sauti, akaongeza.

"Isingiro alikaa siku mbili! Wala mbuzi hawakumgusa!"

"Usisahau la maziwa," alisema Mzee Kamugisha, naye akasogea mbele. "Watu wa Akankwasa walimpa maziwa. Hilo lazima lisemwe."

"Na pale kizuizini waliinua mti wenyewe," akadakia mwingine.

Walisema yote, kwa furaha, wakikumbushana majina ili asisahauliwe aliyetenda wema. Egbert alifungua daftari tena. Aliandika siku, aliandika vijiji, aliandika Costansia, Nshimiyimana, mama wa boma. Alikuwa na mwandiko mzuri. Mukandekezi aliangalia kalamu ikienda.

"Kwa hiyo aliingia tarehe ishirini na nne ya mwezi uliopita," Egbert alisema alipomaliza. "Kwa kibali gani?"

Watu walitazamana.

"Baba, huyu ni marehemu," alisema Katusiime.

"Ndiyo, mama. Nimeandika hivyo."

Alikata ile alama ya vema kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika majina mawili kwenye ukurasa wa orodha ya pili, la mama na la mwana. Kisha akakumbuka kwamba lori huchukua wale wanaoweza kupanda. Aliinama, akaliuliza kaburi kwa adabu kama litaweza. Halikujibu, lilikuwa limechoka. Akalifuta jina la Niyigena na kuandika pembeni kwamba anaruhusiwa kubaki mpaka apate nguvu.

Mukandekezi alipewa muda wa kuvuna mchicha. Mzee Kamugisha alimbebea begi mpaka kwenye lori, ingawa mgongo unamsumbua. Katusiime alivua sweta lake, akamvalisha kama anavyovalishwa mtoto, kifungo kwa kifungo, akilia, akisema, "Nilikuwa namsifia mama yako. Nilikuwa namsifia tu." Wengine walileta ndizi za kuchoma, karanga, soksi. Hakuna aliyemwambia Egbert alitoe jina lake kwenye orodha. Walipunga mikono mpaka lori likapotea, kisha wakarudi, kwa sababu karoti zilihitaji kupunguzwa.

Ng'ambo, Mukandekezi alipokewa na Hagenimana, mtoto wa mjomba wake, aliyempa chumba, uji, na kitanda chake mwenyewe. Siku ya tatu walipanda kilimani pamoja na wazee wawili wa pale. Mahali kaburi lilipokuwa palibaki shimo la urefu wa mtu, limejaa maji ya mvua.

"Ndipo hapa," alisema Mukandekezi.

Wazee walilitazama shimo. Mmoja alipima kina kwa fimbo.

"Shimo si kaburi, dada," alisema. Alisema kwa upole, naye alikuwa ameshika mwavuli juu ya kichwa cha Mukandekezi, si cha kwake. "Wanakuja wengi, kila mmoja anasema hapa ni kwao. Tuonyeshe mama yako amelala wapi. Tutakungoja mpaka mvua ziishe."

Walisogea kando ili apige simu.

"Dada! Salama huko?" Sauti ya Katusiime ilikuwa juu, kama ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto. "Mama yako hajambo! Jana nimemwongezea nyasi. Mzee Kamugisha amemwandika mlangoni, mwanachama wa ishirini na nne. Tuta lako analishika yeye. Na wewe je? Wamekupa sehemu?"

Mukandekezi alitazama maji ndani ya shimo.

"Uko wapi, dada?" aliuliza.

"Niko hapa hapa, nimekaa naye."

"Basi usiseme kwa sauti. Toka hapo kwanza, nenda kule kwenye mfereji."

Alisikia nyayo za Katusiime kwenye tope, hatua nyingi, kisha maji.

"Nimefika. Kuna nini?"

"Wananiuliza amezikwa wapi."

Katusiime alipiga hatua nyingine mbili tatu kwenye tope, mbali zaidi na kaburi.

"Asijue," alisema Mukandekezi. "Akijua ataondoka leo leo anifuate huku, na bado amechoka, na miguu hana."

"Hatajua," Katusiime alinong'ona.

Toka siku hiyo, kila simu inapoita bustanini, Katusiime huinuka, hulisogezea kaburi nyasi mpaka zifunike kichwani, lisisikie, kisha huenda kuipokelea kule kwenye mfereji.