Hisa Elfu Sitini za Mama

Mama yangu, Melania, ameuza dagaa sokoni Kibirizi miaka ishirini na mbili, na hajawahi kununua gunia bila kuzamisha mkono mpaka chini. Juu kila muuzaji anaweka dagaa wa kupigia picha. Mchanga na vichwa vilivyokatika vinalala chini. Kwa hiyo Gasper alipokuja na habari za kampuni ya dagaa inayouza hisa moja shilingi hamsini, Mama hakuuliza faida. Alinigeukia mimi.

"Wewe si ulisoma biashara? Nenda ukazamishe mkono."

Halikuwa jambo dogo. Ili anunue, ilibidi auze shamba lake la michikichi kule Kidahwe, kitu pekee alichoachiwa na baba yake.

Gasper ni rafiki yangu. Tulikaa dawati moja miaka minne. Yeye aliniangalizia hesabu, mimi nikamwangalizia Kiswahili, tukapata D zinazofanana kama mapacha. Nikamwomba anionyeshe mahesabu ya kampuni, Mwanga wa Ziwa.

"Yako kwa mkaguzi."

"Na ya mwaka juzi?"

"Nayo yako hukohuko."

"Huyo mkaguzi anayasoma au anayakariri?"

Akacheka. "Kaka, karatasi zinadanganya. Twende Mwamgongo ukaone kwa macho."

Tukapanda boti. Kule nilikuta vichanja vimejaa dagaa, na bandani magunia arobaini. Nikachagua gunia la katikati mwenyewe, nikakunja mkono wa shati, nikazamisha mkono mpaka kwapani. Dagaa wakavu, wanang'aa, hamna mchanga. La pili, vilevile. Nikarudi nyumbani nanuka ushindi.

"Mama, safi mpaka chini."

Shamba likaenda kwa milioni tatu. Gasper akaleta hati mwenyewe: hisa elfu sitini. Kwenye kundi la WhatsApp la wanahisa bei ikawa inapanda tu, sitini, themanini, mia na ishirini. Mama akaanza kunitambulisha kwa wateja wake: "Huyu ndiye mshauri wangu." Nami nikawa natembea kama mshauri.

Mwezi wa tano akataka kuuza kidogo aezeke nyumba. Nikaenda ofisini kwao Kasingirima, chumba kimoja nyuma ya duka la saruji. Karani alikuwa dada anaitwa Diana.

"Nauza hisa elfu kumi."

"Unamuuzia nani?"

"Ninyi."

"Sisi hatununui. Tafuta mtu."

"Na hiyo mia na ishirini ni bei ya nani?"

"Mimi naiona kwenye kundi, kama wewe."

Akanifungulia daftari la wanahisa. Elfu sitini za Mama hazikutoka kwa kampuni. Zilikuwa za Gasper, zote alizokuwa nazo, na alizihamisha siku ileile aliyotuletea hati.

"Na dagaa wa Mwamgongo?"

"Wale wa wafanyabiashara wa Kongo, banda ni la kukodi. Sisi tuna mtumbwi mmoja, injini iko kwa fundi."

Dagaa niliwapima vizuri sana. Sikuuliza ni wa nani.

Nilimkuta Gasper Ujiji, kwenye kibanda chake cha simu. Hakukimbia. Alinisogezea stuli.

"Bei kwenye kundi ulikuwa unaandika wewe?"

"Mimi na wenzangu wawili."

"Na ulijua nitazamisha mkono."

"Nimekula kwenu miaka yote, nisijue mnavyonunua dagaa?" Akashusha sauti. "Na mimi niliuziwa, kaka. Nimekaa nazo mwaka mzima."

"Ukaona umpe mama yangu."

"Sikia. Mama yako mdogo Winfrida amestaafu, kiinua mgongo kimetoka. Bei bado inasomeka mia na ishirini. Mpe yeye."

Alisema kwa upole, kama daktari anayekuandikia dawa. Nilinyanyuka, nikamrudishia stuli yake.

Nyumbani nikamkuta Mama mdogo Winfrida kwenye mkeka, bahasha mapajani. Mama alikuwa ameshamweleza kila kitu alichokijua.

"Mshauri amerudi," Mama akasema. "Nataka nimpe mdogo wangu elfu thelathini, na yeye afaidi."

Hela ile ingetosha kulikomboa shamba. Aliyelinunua alikuwa hajakata mchikichi hata mmoja.

Nikaketi mkekani. "Shikamoo, Mama mdogo."

"Marahaba, baba."

"Rudisha hela benki. Hizi hisa hakuna anayezinunua. Gasper alitutupia za kwake."

Mama mdogo aliitumbukiza bahasha kwenye mkoba, akavaa kandambili, akaaga kwa sauti ndogo. Mama alingoja mpaka akapita kona.

"Ungeniambia mimi kwanza, uani. Siyo mbele ya mdogo wangu."

"Ningekuambia uani, ungeacha kumuuzia?"

Alianza kukunja mkeka, na mimi nilikuwa bado nimekaa upande mmoja.