Mpira Ukisimama

Mpira ukitembea ulikuwa wa kila mtu. Matano aliweza kumpokonya yeyote, kumpiga chenga yeyote, hata kumbwaga Mbarouk bin Ameir mchangani kifudifudi na asiulizwe, maana mchezo ni mchezo. Lakini mpira ukisimama, ulikuwa na mwenyewe. Ukitoka nje, wa kuurusha ni Mbarouk. Ikiwa kona, Mbarouk. Mtu akichezewa vibaya na mpira ukawekwa chini upigwe, watu kumi walisimama mikono kiunoni wakimngoja Mbarouk atoke huko aliko, aje taratibu, aupige. Hakuna aliyeitunga sheria hiyo. Uwanja ulikuwa wa baba yake, minazi iliyouzunguka ya baba yake, na Matano mwenyewe, ukitaka kweli yake, alikuwa wa baba yake. Waingereza walikuwa mwaka wa pili Mafia tangu wawatoe Wajerumani, na mambo ya bwana na mtumwa waliyaacha kama walivyoyakuta.

Laiti huyo Mbarouk angekuwa anajua! Kona zake zilivuka goli zikaangukia kwenye mihogo ya watu. Mipira ya kurusha aliitupa kwa madaha, mkono mlegevu, ikadondoka miguuni pa adui kila mara, naye akageuka akamlaumu aliye karibu. Na pale pale kando yake alisimama Matano, ambaye tangu utoto kazi yake ilikuwa kuwarushia mabaharia nazi kutoka ufuoni mpaka ndani ya mashua, mchana kutwa. Mikono yake ingeutoa mpira pembeni ikauweka mlangoni mwa goli. Wote walilijua hilo. Wote walinyamaza, na kunyamaza kwao mimi sikuiti adabu, nakuita woga.

Sasa basi, bomani Kilindoni walitaka wapagazi wa kubeba mizigo ya vita huko Rufiji. Bwana mkubwa wa askari, mtu mrefu mwenye masharubu mekundu, alikuwa mpenzi wa kandanda, akatoa ahadi kupitia karani wake: vijana wa mji wacheze na askari wake. Wakishinda, watabaki forodhani kuwa mahamali. Wakifungwa, au wakitoka sare, watavuka kwenda Rufiji na wenzao. Watoto wa wenye mashamba hawakuwamo katika hesabu hiyo. Mbarouk angelala kwao vyovyote itakavyokuwa.

Matano alikuwamo. Kaka yake, Jumanne, alivuka na kundi la kwanza. Habari iliyorudi ni kwamba alikufa njiani kwa kuhara damu, akafukiwa bila sanda kwa sababu nguo ilikuwa adimu. Mama yao, Kijakazi, alilia mpaka sauti ikamkauka. Asubuhi ya mchezo alimkamulia Matano kopo la tui la nazi, akamtazama akinywa, akamwambia, "Mwanangu, mimi sina mwingine."

Askari walifunga mapema. Shamte, mvuvi wa Chole mwenye mbio, akasawazisha kwa mpira alioukimbiza peke yake kutoka katikati. Baada ya hapo vijana wa mji walishambulia kama waliofiwa na akili, na kila walipofika karibu mpira ulitoka nje, na kila ulipotoka walimngoja Mbarouk, na kila Mbarouk aliporusha askari waliuchukua wakaenda zao. Matano aliiona Rufiji katika kila mpira uliopotea.

Shaibu, nahodha wao, mtu mzima wa Ndagoni, akamsogelea Mbarouk kwa unyenyekevu wa mtu anayekwenda kuposa.

"Bwana Mbarouk, mwachie Matano arushe. Mikono anayo."

"Arushe Matano! Na mimi nifanye nini? Nimwokotee?"

"Ni roho za watu, bwana."

"Roho ziko kwa Mungu," alisema Mbarouk, akarusha. Askari mmoja akaupokea kwa kifua, akampigia makofi, akamwinamia kichwa kumshukuru. Wenzake wakaangua kicheko, na waliokuwa kandoni nao, waliokuwa hawajapata kumcheka mtoto wa Ameir maishani, wakashindwa kujizuia.

Kicheko hicho ndicho kilichofanya kazi iliyowashinda Shaibu na roho za watu. Mpira ulipotoka tena, hatua chache tu kutoka goli la askari, bwana mkubwa alikuwa ameshika saa yake mkononi na filimbi mdomoni. Mbarouk aliuokota, akawatazama askari wakimkenulia meno, akauangusha miguuni pa Matano.

"Haya. Rusha, tukuone."

Akaenda kusimama mbele ya goli, mahali pa Shamte, akamsukuma Shamte kando.

Matano aliuinua mpira juu ya kichwa. Alimwona Mbarouk peke yake pale mbele, hakuna askari aliyemkaribia, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akamwamuru.

"Kichwa, Mbarouk! Piga kichwa!"

Hakusema bwana. Alilisikia pengo lake mwenyewe mara tu lilipomtoka, na mpira ulikuwa umekwisha ondoka.

Ulikwenda sawasawa, wa nguvu, kwenye paji la uso wa Mbarouk. Mbarouk aliuona. Macho yao yalikutana juu ya njia ya mpira ule, na Matano akaona uso wa bwana wake ukifunga kama mlango. Mbarouk akapeleka kichwa upande, kidogo tu, kama mtu anayemkwepa nzi. Mpira ukapita sikioni pake ukaingia golini.

Uwanja ukalipuka. Kijakazi alipiga vigelegele kwa ile sauti yake iliyokauka. Shaibu alikuwa amekwisha piga magoti kusujudu wakati bwana mkubwa alipotikisa kichwa, akapuliza, akamwita karani.

"Anasema si goli," karani alitangaza. "Mpira wa kurusha hauhesabiwi mpaka mtu auguse. Ndiyo kanuni. Na saa imekwisha."

Hawakuijua. Wangeijulia wapi? Tangu walipoanza kucheza, hakuna mpira wao wa kurusha uliopata kufika golini.

Wazee walimwendea Mbarouk wakampa mkono. "Mtu wako ana mikono, mashaallah," walimwambia, naye akaipokea sifa hiyo kwa kuinamisha kichwa, akapangusa vumbi, akaenda zake kwao. Matano alimtazama hadi akapotea katika minazi.

Walipangwa foleni kabla jasho halijawakauka. Kijakazi akapenya kati ya askari, akamshika mwanawe mkono kwa mikono yake miwili.

"Si umetia ndani? Nimeona kwa macho yangu. Umeingia."

"Umeingia, mama."

"Basi mbona wanakuchukua?"

Askari alikuwa akimsukuma Matano mbele.

"Alitakiwa auguse, mama," alisema. "Auguse tu."