Vijiwe vya Amandeep

Mzee Kuldip wa Daraja Mbili alikuwa na dharau ya kutosha kata nzima. Miaka arobaini alikodisha spika na kuzitengeneza, na fahari yake ilikuwa sikio lake. Mafundi wengine walipima amplifaya kwa mita. Yeye aliinamisha kilemba, akasikiliza, akatamka ugonjwa. Kwa hiyo binti yake Amandeep alipomwambia kwamba redio ya nyumbani siku hizi inasikika mpaka kwa jirani, na kwamba amemwekea miadi kwa daktari wa masikio mwisho wa mwezi, alichukia kana kwamba ametukanwa.

"Daktari gani wa kunifundisha mimi kusikia?"

Amandeep hakubishana. Alianza tu kumtembeza. Kila Jumapili alasiri alikuwa amegundua kijiwe kingine cha muziki, na lazima baba aje, kwani nani mwingine ana sikio la kuhukumu? Hapo alimpata.

Cha kwanza kilikuwa baa ya Kikatiti, bendi ya watu wanne juu ya kreti za bia. Kuldip alisema mpiga besi anakuna upele. Cha pili, kibaraza cha saluni, gitaa na kispika kimoja. Alisema huo si muziki, ni simu inaita. Cha tatu, nyuma ya duka la mkaa, marimba bila umeme. Alisema hata ndege wa shambani hawafukuzwi hivyo. Kila mara Amandeep aliuliza, "Maneno uliyasikia lakini, Baba?" Naye alijibu kwamba maneno yenyewe hayakustahili kusikiwa.

Cha nne kilikuwa Moshono, katika chumba cha fundi cherehani aitwaye Irine. Vyerehani vimesukumwa ukutani, watu kama ishirini kwenye mabenchi, waya hakuna. Kuldip alitafuta spika, akakosa, akasonya. Mbele alikaa mzee Koikai, mlinzi wa shule, akichezea nyuzi za gitaa kavu, lisilo la umeme. Anakaza nyuzi, Kuldip aliwaza. Watu wa siku hizi, nusu saa nzima kukaza nyuzi. Akasubiri. Mama mmoja alifuta macho kwa ncha ya kitenge. Vumbi la vitambaa, bila shaka. Koikai alifumba macho, midomo ikicheza kama ya mtu anayesali. Subira ikamwisha Kuldip.

"Kwani hawa wanaanza lini?" aliuliza, sauti ikajaa chumba.

Vichwa vyote viligeuka. Koikai alisimamisha mkono. Irine alimtazama kama anavyotazamwa mlevi msibani. Amandeep alitoa simu, akaandika, akamwekea mapajani: Baba, huu ni wimbo wa tatu.

Kuldip alisoma mara mbili. Alitaka kusema mwimbaji hana sauti, hata mdomo akaufungua. Lakini alimwona tena yule mama wa kitenge, akajua kwamba ameachwa nje peke yake, naye amekaa benchi la mbele. Aibu ilimshika vibaya. Akakumbuka baa, saluni, mkaa: kila Jumapili sauti ilikuwa imepungua. Mtoto alikuwa anampima, kama yeye mwenyewe alivyopima spika mbovu, akishusha kidogo kidogo mpaka ikate.

"Endelea, mzee mwenzangu," alimwambia Koikai. "Nisamehe."

Mkono wa Koikai ukarudi kwenye nyuzi. Kuldip alimwinamia binti yake.

"Sitangoja mwisho wa mwezi. Yule daktari, kesho anaanza saa ngapi?"

Amandeep alimnong'oneza. Ikabidi amwombe arudie.